Kutumia Intaneti Kutafuta Maarifa ya Kimasomo: Mfano wa Historia ya Kiswahili

Mtahiniwa wa kidato cha nne akiwa na simu na bando dogo anaweza leo kufungua kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870, makala ya mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na taarifa ya Baraza la Mitihani inayoeleza kwa nini watahiniwa waliotangulia walikosa swali fulani. Kwa simu hiyohiyo anaweza pia kukusanya kurasa ishirini za majibu yasiyo sahihi, akayakariri hadi usiku wa kuamkia mtihani. Msahihishaji hatamuuliza aliyapata wapi. Atamnyima alama tu.

Katika sura hii tutachukua mada ambayo kila mtahiniwa wa Kiswahili nchini Tanzania ameipitia darasani, yaani asili na usanifishaji wa Kiswahili, na kuifuatilia mtandaoni hatua kwa hatua. Mada hii inafaa kwa sababu imejaa tarehe, majina ya taasisi na nadharia zinazopingana, na kwa hiyo inaonyesha vizuri mahali ambapo intaneti husaidia na mahali ambapo hupotosha. Ukiwa na kazi ya historia, jiografia au biolojia, njia ni ileile.

Swali kwanza

Wanafunzi wengi hupoteza muda kabla hata hawajasoma chochote. Wanafungua Google, wanaandika "historia ya Kiswahili", wanapata maelfu ya kurasa, wanafungua ya kwanza, wanarukia ya pili, na baada ya saa nzima bando limekwisha na daftari lina mistari minne.

Kabla ya kuwasha data, chukua karatasi uandike unachotaka kujua kwa sentensi moja kamili. Kwa mfano: Ni nani walioamua kwamba lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, waliamua lini na wapi, na kwa sababu gani? Swali hili lina vipande vinne: watu, tarehe, mahali na sababu. Kila kipande kikipata jibu, chora mstari juu yake. Vikiisha vyote, funga simu. Mtu asiye na swali hana namna ya kujua kwamba amemaliza.

Kutokana na swali hilo chagua maneno ya kutafutia. Huhitaji kuiandikia mashine sentensi nzima. Maneno matatu au manne yenye uzito yanatosha, kama vile usanifishaji Kiswahili Kiunguja Mombasa. Ukitaka maneno yatokee kwa mpangilio uleule, yafunge ndani ya alama za mtajo: "Kamati ya Lugha". Ukitaka matokeo ya vyuo vya Tanzania pekee, ongeza site:ac.tz mwishoni, bila kuacha nafasi katikati. Kwa tovuti za serikali andika site:go.tz, na kwa vyuo vya Kenya site:ac.ke. Ukiongeza filetype:pdf utapata nyaraka zilizopangwa kama kitabu au makala, ambazo mara nyingi zina jina la mwandishi na mwaka. Mbinu hizi ni chache na unaweza kuzijua kwa dakika kumi, lakini ni wanafunzi wachache wanaozitumia.

Jambo jingine ni lugha. Hata kama mtihani ni wa Kiswahili, tafuta pia kwa Kiingereza. Kamati iliyosanifisha Kiswahili iliendesha shughuli zake nyingi kwa Kiingereza, na jina lake rasmi lilikuwa Inter-Territorial Language Committee. Ukiandika jina hilo utapata makala za kitaaluma ambazo usingezipata kwa kuandika "kamati ya lugha". Kisha rudi kwenye Kiswahili kwa ajili ya istilahi, kwa sababu mtihani utakutaka uandike "usanifishaji", "lahaja" na "msamiati", na tafsiri za kubuni hazitakusaidia.

Usidanganyike na mpangilio wa matokeo. Ukurasa unaotangulia umewekwa juu kwa hesabu za mashine: maneno yake yanafanana na yako, watu wengi wameufungua, kurasa nyingine zimeuwekea viungo. Wakati mwingine umelipiwa tangazo. Hakuna mwalimu aliyekaa akausahihisha kisha akasema huu uwe wa kwanza.

Miaka mitatu tofauti

Sasa tufanye kazi yenyewe. Ukifungua kurasa kadhaa kuhusu usanifishaji utakuta moja inataja mwaka 1925, nyingine 1928, nyingine 1930. Mwanafunzi mwenye haraka hupiga kura: mwaka uliotajwa na kurasa nyingi ndio sahihi. Njia hii ni mbovu, na ndilo kosa kubwa kuliko yote katika utafiti wa mtandaoni.

Ukisoma kwa makini utaona kwamba miaka hiyo mitatu inahusu matukio matatu. Mwaka 1925 ulifanyika mkutano wa elimu jijini Dar es Salaam, ambako suala la lugha ya shule na vitabu vyake lilijadiliwa. Mwaka 1928 ukafanyika mkutano Mombasa, na hapo ndipo Kiunguja, lahaja ya mjini Unguja, kilipokubaliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza rasmi kazi ya Kamati ya Lugha, iliyounganisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, na kamusi zilizotokana na kazi yake zilitoka mwaka 1939. Kwa hiyo mtahiniwa aliyeulizwa lahaja ya Kiunguja iliteuliwa lini ataandika 1928, na aliyeulizwa kamati iliundwa lini ataandika 1930. Kurasa zote tatu zinaweza kuwa na ukweli ndani yake, na bado aliyezisoma akakosa alama kwa kuwa hakuuliza: mwaka huu ni wa tukio gani?

Mkanganyiko kama huo upo kwenye taasisi. Kamati ile iligeuka mwaka 1964 kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI, iliyoingia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2009 ikaunganishwa na idara ya Kiswahili ya chuo hicho na kuitwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. BAKITA ni chombo kingine kabisa: ni baraza la taifa lililoundwa kwa sheria mwaka 1967. Mtandaoni utakuta maandishi yanayosema TUKI ndiyo iliyogeuka kuwa BAKITA, au yanayoipa BAKITA sifa ya kutunga Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ambayo ilitungwa na TUKI. Ukikutana na dai la namna hiyo, fungua tovuti ya taasisi inayohusika na usome inavyojieleza yenyewe. Kwa tarehe na majina, taasisi hujijua kuliko mtu aliyeandika kuihusu akiwa mbali. Kwa sifa na mafanikio yake, hapo utafute pia maoni ya mwingine, maana hakuna anayejichongea.

Kwa nini basi kuhesabu kurasa hakufai? Kwa sababu kurasa nyingi hunakiliana. Mtu mmoja anaandika nukuu za somo na kuziweka mtandaoni. Mwingine anazichukua zilivyo, anabadili kichwa cha habari. Wa tatu anazituma kwenye kundi la WhatsApp la shule, wa nne anazichapa na kuziuza kama kijitabu. Ukizikuta sehemu nne unaamini umepata mashahidi wanne, kumbe ni mmoja aliyerudiwa mara nne, na kosa lake limesafiri naye.

Kuna njia rahisi ya kuwabaini. Chukua sentensi moja ndefu kutoka ukurasa unaoushuku, ifunge ndani ya alama za mtajo, uitafute. Ikitokea neno kwa neno kwenye tovuti tano, hesabu zote kuwa chanzo kimoja. Angalia pia makosa ya tahajia: jina Krapf likiandikwa "Kraf" katika kurasa tatu, kwa sehemu kubwa zimetoka mfuko mmoja. Unapotafuta uthibitisho, tafuta waandishi wawili ambao hawakunakiliana, na ikiwezekana waliofika kwenye jibu kwa njia tofauti: mmoja kwa kusoma nyaraka za kamati, mwingine kwa kuchunguza kamusi zenyewe.

Kwenda kwenye kitabu chenyewe

Raha ya intaneti, kwa mtazamo wangu, ipo hapa. Walimu wetu wengi walisoma habari za Krapf na Steere kupitia vitabu vilivyowataja, bila kuviona vitabu vyao. Wewe unaweza kuviona. Tovuti ya Internet Archive imehifadhi picha za kurasa za vitabu vya kale ambavyo haki zake za kunakili zimekwisha, na kuvisoma ni bure.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882, baada ya kifo chake. Yeye alijifunza Kimvita, lahaja ya Mombasa. Edward Steere, aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, naye alitumia Kiunguja. Ukifungua vitabu hivi viwili pamoja unaanza kuelewa kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuta mjadala wa miongo mingi: lahaja zote mbili zilikuwa tayari na wamisionari wake, vitabu vyake na watetezi wake. Kiunguja kilikuwa na nguvu ya ziada kwa sababu kilikwisha kusambaa bara kupitia misafara ya biashara iliyotoka pwani ya Tanganyika. Kimvita kilikuwa na hazina ya ushairi, ikiwamo kazi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Mtahiniwa anayeweza kueleza pande zote mbili huandika jibu lenye uzito kuliko aliyekariri sababu tano za kuteuliwa kwa Kiunguja bila kujua kilishindana na nini.

Chanzo cha kale nacho kinahitaji kuhojiwa. Tuseme unataka ushahidi wa kihistoria kuhusu ukale wa Waswahili, ukamkuta Ibn Battuta. Alipita katika pwani hii mwaka 1331 akafika Mombasa na Kilwa. Nukuu nyingi huishia hapo. Lakini kitabu cha safari zake kilikamilika mwaka 1355, yeye akisimulia na mwandishi mwingine akiandika. Kati ya kuona na kuandikwa ilipita zaidi ya miaka ishirini. Hilo halimfanyi kuwa mwongo. Linakueleza tu kwamba unasoma kumbukumbu za msafiri mzee, na kwamba maelezo yake madogomadogo yapimwe kwa akiolojia. Ndivyo ilivyo pia kwa maandishi ya karne ya kwanza yaitwayo Periplus, yaliyoandikwa kwa Kigiriki na kuutaja mji wa Rhapta katika pwani ya Azania. Wapo wanaodai mtandaoni kwamba Periplus inathibitisha Kiswahili kilikuwa kikizungumzwa wakati huo. Ukiisoma tafsiri yake utaona inaeleza biashara, bandari na watu, wala haitaji lugha yoyote kwa jina la Kiswahili.

Kichwa cha habari na utafiti wenyewe

Mwezi Machi 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba, yaani DNA, vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji ya kale kama Manda, Mtwapa na Songo Mnara, pamoja na sehemu moja ya bara. Habari zake zilienea haraka. Katika mitandao ya kijamii wengine wakahitimisha: sayansi imethibitisha kwamba Waswahili ni Waajemi, basi Kiswahili kimetoka Uajemi.

Hebu tufanye kile ambacho kila msomi anapaswa kufanya, tuusome utafiti. Makala yenyewe inasomwa bure, na hata ikikushinda lugha, ikisiri yake ya mwanzoni ni fupi. Inasema kwamba kwa wengi wa watu hao wa mijini, zaidi ya nusu ya vinasaba vilitoka kwa mababu wa Kiafrika, hasa wanawake. Sehemu nyingine kubwa ilitoka Asia, na kwa kiasi kikubwa kwa wanaume wenye asili ya Uajemi. Kuchanganyika huko kulikwisha kuanza kufikia takriban mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 hivi, asili ya Kiarabu ndiyo iliyoongezeka. Kwa hiyo "Waswahili ni Waajemi" siyo iliyoandikwa pale. Na kuhusu lugha, mifupa haiwezi kutuambia marehemu alimwita mama yake kwa lugha gani.

Asili ya lugha hutafutwa katika lugha. Linganisha nomino hizi: Kiswahili husema mtu na watu, Kiganda omuntu na abantu, Kinyarwanda umuntu na abantu, Kizulu umuntu na abantu, Kisukuma munhu na banhu. Mfumo wa ngeli, viambishi vya kitenzi na upatanisho wa kisarufi ni wa Kibantu tangu juu hadi chini. Maneno ya kukopa yapo mengi, na yanajulikana: sita, saba na tisa yametoka Kiarabu, meza imetoka Kireno, shule imetoka Kijerumani. Lakini moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni ya Kibantu. Wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walichapisha mwaka 1993 kitabu kinachoweka Kiswahili katika kundi la Kibantu liitwalo Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro. Hata neno "Swahili", linalotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani, linatuambia wageni waliwaitaje watu wa hapa. Halituambii lugha yao ilizaliwa wapi.

Angalia kilichotokea. Kichwa cha habari kilihusu watu, mtahiniwa akakitumia kujibu swali la lugha. Mtandaoni utakutana na mruko wa namna hii mara nyingi, na kinga yake ni kujiuliza: waliofanya utafiti huu walipima kitu gani hasa?

Tahadhari ileile inahusu takwimu. UNESCO, iliyotangaza mwaka 2021 kuwa tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, inasema wazungumzaji ni zaidi ya milioni 200. Vyanzo vingine hutaja idadi iliyo chini ya hapo kwa mbali sana. Tofauti hutokana na nani anahesabiwa: aliyezaliwa nacho, anayekitumia kila siku kama lugha ya pili, au anayekielewa tu sokoni. Ukitumia takwimu katika insha, taja aliyeitoa. "Kwa mujibu wa UNESCO" ni maneno manne yanayokulinda.

Wikipedia na akili mnemba

Baadhi ya walimu hupiga marufuku Wikipedia. Nadhani wanakosea kidogo. Ni kweli mtu yeyote anaweza kuihariri, na kurasa nyingi za Wikipedia ya Kiswahili ni fupi. Lakini ukurasa mzuri una sehemu ya marejeo chini, na hiyo ndiyo mali. Soma ukurasa upate picha ya jumla, kisha shuka chini uchukue majina ya vitabu na makala, ukavitafute hivyo. Ukibofya sehemu ya historia ya ukurasa utaona nani alibadili nini na lini. Vitabu vya karatasi havina uwazi huo. Usiinukuu Wikipedia yenyewe kama mamlaka ya mwisho.

Programu za akili mnemba kama ChatGPT ni jambo jingine. Zinajibu kwa ufasaha na kwa kujiamini, na ufasaha huo ndio mtego. Programu hizi hutunga maandishi kwa kukisia neno gani lifuate lipi, kutokana na maandishi mengi sana zilizolishwa. Kwa sababu hiyo zinaweza kukutajia kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, zikakipa mwandishi, mwaka na mchapishaji. Zinafaa kukueleza upya aya ngumu, au kukutungia maswali ya kujipima. Zikikupa tarehe, jina au kichwa cha kitabu, kitafute mahali pengine kabla hujakiandika. Usipokiona kwenye orodha ya maktaba yoyote wala kwenye Google Scholar, kiache.

Google Scholar, kwa asiyeijua, ni sehemu ya Google inayotafuta maandishi ya kitaaluma peke yake. Makala nyingi utakazoziona huko zinalipiwa, lakini ikisiri husomwa bure, na pembeni mara nyingi huwekwa kiungo cha nakala ya wazi. Jarida la Swahili Forum linasomwa bure, na majarida ya Kiswahili na Mulika ya TATAKI yana makala zilizoandikwa kwa Kiswahili cha kiwango ambacho mtahiniwa anaweza kukifuata akijitahidi.

Kuandika dondoo

Usinakili ukurasa mzima. Soma aya, funika skrini, andika kwa maneno yako, kisha funua uhakikishe tarehe na majina. Mtihani hautakuruhusu kuingia na simu, kwa hiyo kilichopita mkononi mwako kwa maneno yako ndicho kitakachokuwa nawe Novemba. Dondoo moja inaweza kuonekana hivi:

Swali: Kiunguja kiliteuliwa lini na wapi? Jibu: Mombasa, 1928. Kamati yaanza kazi 1/1/1930, nchi nne. Chanzo: jina la mwandishi, kichwa cha makala, mwaka, anwani ya tovuti, tarehe niliyosoma. Bado: majina ya waliohudhuria mkutano.

Ile "bado" ya mwisho usiidharau; ndiyo itakayoanza utafutaji wako ujao. Anwani na tarehe ya kusoma ziandikwe kwa sababu kurasa hubadilishwa na nyingine hufutwa. Ukichukua maneno ya mwandishi yalivyo, yafunge kwa alama za mtajo papo hapo, kwenye daftari. Baada ya wiki mbili hutakumbuka ipi ni sentensi yako na ipi ni ya mwenzako, na kazi ya mradi iliyojaa maneno ya watu wengine bila kuwataja ni wizi wa maandishi.

Kuhusu bando: wengi wenu mpo shule za bweni ambako simu haziruhusiwi, na muda wa mtandao ni wa likizo au wa chumba cha kompyuta. Fika na maswali yaliyokwisha kuandikwa. Pakua makala uzisome baadaye bila data. Video acha, isipokuwa kwa jambo ambalo lazima ulione likitendeka, kama jaribio la kemia. Kwa tarehe na hoja, maandishi hula data kidogo na unaweza kurudia mstari. Maktaba za mikoa nazo zinafaa, kwa sababu kitabu ulichokiona kikitajwa mtandaoni huenda kipo kwenye rafu yake.

Kuna hazina moja ambayo watahiniwa wengi hawaijui. Tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, necta.go.tz, huweka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali, na sampuli za majibu mazuri na mabaya. Ukisoma taarifa za Kiswahili za miaka michache utaona makosa yaleyale yakijirudia. Hiyo ina faida kuliko makundi yanayotangaza "mtihani uliovuja" na kudai pesa. Wanaouza karatasi hizo kwa kawaida huuza maswali ya kubuni, na ikitokea ni ya kweli, aliyekutwa nayo hufutiwa matokeo.

Mwisho, usisahau vyanzo visivyo mtandaoni. Kama nyumbani mnazungumza lugha ya Kibantu, bibi yako anaweza kukupa mifano ya ngeli ambayo hakuna tovuti iliyoiandika. Mwulize anaitaje miti, mikono na watoto, umoja na wingi, kisha weka Kiswahili pembeni yake.

Maswali ya kujipima

1. Mwanafunzi amekuta kurasa sita zinazosema BAKITA iliundwa mwaka 1930. Eleza hatua atakazochukua kuhakiki dai hilo, na utaje taarifa sahihi.

2. "Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2023 umethibitisha kuwa Kiswahili kilitoka Uajemi." Jadili kauli hii kwa kutumia ushahidi wa kiisimu usiopungua hoja tatu.

3. Tafuta kwa Kiswahili na kwa Kiingereza habari za kamusi zilizotoka mwaka 1939. Andika dondoo yenye jibu, chanzo, na jambo moja ambalo bado hujalipata.